Mfugaji anayempisha simba alipwe

MFUGAJI yeyote anajua hasara ya kumwacha fahali mmoja apande binti zake na wajukuu zake. Baada ya miaka michache ndama wanazaliwa dhaifu, mitamba inachelewa kushika mimba, na mwenye zizi anaanza kulaumu majani. Ndiyo maana watu huazimana madume, na hata mama mwenye kuku kumi wa kienyeji hubadilishana jogoo na jirani yake.

Simba wa Kreta ya Ngorongoro hawana wa kuwaazima dume. Dume wao ni yule anayekuja mwenyewe kwa miguu, na ili afike ni lazima apite katika malisho ya watu.

Yaliyowapata yanajulikana vizuri. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa kupita kiasi, kreta ilivamiwa na nzi wanaouma, aina ile ile inayosumbua ng'ombe mazizini. Simba waliokuwa zaidi ya 60 wakabaki kama 10. Baadaye madume wachache waliingia kutoka nje, wakazaliana, na idadi ikapanda tena. Kwa macho ya mtalii mambo yalikuwa shwari. Lakini mwaka 1991 watafiti wakiongozwa na Craig Packer wa Marekani, waliokuwa wamefuatilia koo hizo, walieleza kuwa simba wote wa kreta walitokana na wazazi 15 tu. Vinasaba vyao vilikuwa vya aina chache kuliko vya jirani zao wa Serengeti, na mbegu za madume zilikuwa na kasoro nyingi zaidi. Mwaka 2004 Mtanzania Bernard Kissui, pamoja na Packer huyo huyo, walionyesha kuwa kilichokuwa kikiwarudisha nyuma simba hao ni magonjwa, kwa maana chakula kilikuwapo tele.

Ni kweli kwamba madume wa kreta wenyewe huwafukuza wageni, na hilo hakuna kanuni itakayolizuia. Lakini kati ya Serengeti na kreta kuna maboma, kuna mikuki, na kuna mfugaji ambaye ng'ombe wake mmoja ni ada ya shule ya mtoto. Tangu mwaka 1959 eneo hilo limewekwa kisheria kuwa la wanyamapori na wafugaji kwa pamoja. Mtu asiseme basi kwamba mfugaji ndiye mvamizi wa njia ya simba.

Faida ya simba huyo inaonekana mbali na boma hilo. Inaonekana Karatu na Mto wa Mbu, kwa mwenye nyumba ya wageni, fundi wa magari, muuza nyanya na kijana wa vinyago. Inaonekana zaidi getini, panapolipwa ada. Anayelala macho usiku ni mwingine kabisa.

Kinachotolewa na serikali baada ya hasara huitwa kifuta jasho au kifuta machozi. Jina lenyewe linakiri kwamba si fidia, wala si malipo ya kazi. Nasi tunasema kumpisha simba ni kazi. Mfugaji anayejizuia kumtupia mkuki dume aliyepita jirani na zizi lake ameiazima kreta dume la mbegu, na mwenye kuazimwa anapaswa kulipa hata pale ambapo hakuna ndama aliyeliwa.

Jambo hili halihitaji kubuniwa upya. Shirika la KopeLion, lililoanza Ngorongoro mwaka 2011, limeajiri vijana wa Kimaasai, wakiwamo waliokuwa wawindaji wa simba, wafuatilie nyayo, waonye wachungaji na kusaidia kutafuta mifugo iliyopotea, maana ng'ombe aliyeachwa porini usiku ndiye anayeliwa kwa urahisi. Limejaribu pia kuzilipa jamii pale simba wanapoonekana katika ardhi yao. Huko Simanjiro wafugaji wamejenga maboma ya waya wa wavu, nguzo zake zikiwa miti hai inayochipua. Hayo yote yanategemea sana wafadhili, na mfadhili huondoka.

Tunapendekeza sehemu ya ada ya getini itengwe kwa ajili hiyo, iandikwe wazi katika bajeti, na ilipwe kwa kaya moja kwa moja kupitia simu, bila kupitia mikono mingi ya viongozi. Waya wa boma nao upatikane kwa bei ya ruzuku kama mbolea.

Utaratibu uwe tayari kabla ya Januari. Kati ya mwezi huo na Machi nyumbu huzaa katika nyanda za Ndutu na simba huwafuata, wakati wafugaji wanapandisha ng'ombe nyanda za juu kukwepa ugonjwa unaoenezwa na ndama wa nyumbu. Wakishuka tena, watawakuta simba bado wapo.