Ustaarabu wa Kale Hauko Ng'ambo Tu

Ndugu walimu, kila mwisho wa muhula meza zetu hujaa insha za utafiti ambazo wanafunzi wameandika juu ya ustaarabu wa watu wa kale. Twazisoma, twazisahihisha, twazitia alama, lakini mioyo haitulii. Huyu ameandika juu ya mapiramidi ya Misri. Yule juu ya sheria za Babeli. Wa tatu juu ya mahekalu ya Wayunani. Hatuna chuki na mataifa hayo. Elimu haina mpaka, na Misri nayo ni Afrika. Kinachotukera ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya waandishi hao aliyekiona kitu anachokieleza. Amenakili kitabu, na kitabu chenyewe kilinakili kingine. Huo si utafiti. Ni uchukuzi wa maneno, na mchukuzi hajui kilichomo ndani ya mzigo.

Na tuseme kweli: lawama ya kwanza si ya mwanafunzi. Ni yetu sisi tunaompa mada. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 unamtaka mwanafunzi afanye mradi kwa mikono yake, atazame, aulize, apime. Nasi tumeuitikia kwa kumpeleka maktaba akaandike habari za mto Nile upande wa Misri, hali mto Katonga uko kwetu na kingo zake zina mambo.

Kusini ya Katonga pana Bigo bya Mugenyi. Hapo watu wa kale walichimba mahandaki ambayo yakiunganishwa urefu wake wapita kilomita 10. Mengine yalikatwa hata ndani ya mwamba, yakashuka kupita kimo cha mtu. Hawakuwa na tingatinga. Walikuwa na majembe ya chuma, vikapu, na mamlaka ya kuwakusanya watu wengi kwa kazi moja. Mtaalamu Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957, na Merrick Posnansky mwaka 1960, na kazi zao zaonyesha kwamba mahali hapo palikaliwa yapata karne ya 14 hadi ya 16. Mwalimu wa Kiswahili angepaswa kusimama penye jina lenyewe: Bigo bya Mugenyi, yaani ngome za mgeni. *Mugenyi* na *mgeni* ni neno moja lililovaa nguo mbili. Ni somo gani la lugha lililo bora kuliko hilo? Lakini wanafunzi wetu wangapi wamelisikia darasani?

Baadhi ya wenzetu hutujibu: "Hayo ni mambo ya wanahistoria. Yana faida gani kwa mwalimu wa lugha?" Jibu letu ni kwamba jambo hili si la mapambo. Watu wasipojifunza kuyachunguza mambo yao ya kale, wengine huwatungia.

Mwaka 1863 msafiri John Hanning Speke alichapisha kitabu chake, akadai kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa uzao wa wageni waliotoka Uhabeshi. Hakuchimba popote. Alitazama nyuso za watu akakata shauri. Mwaka 1930 mtaalamu C. G. Seligman akaipa dhana hiyo joho la elimu, akafundisha kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya watu aliowaita Wahamu. Basi kila penye handaki kubwa pakatafutwa mgeni aliyelichimba. Hata habari za Bachwezi, ambazo wazee walizisimulia kwa hekima na maana yao, zikageuzwa kuwa ushahidi wa wageni weupe. Hadithi hiyo iliingia shuleni, ikakaririwa na watoto, ikawa kweli kwa kukaririwa. Huko Rwanda wachochezi wa chuki waliichukua wakawaambia jirani zao kwamba hawana asili katika nchi hiyo na warudi Uhabeshi walikotoka. Yaliyofuata mwaka 1994 dunia nzima yayajua. Nani bado atasema kwamba mambo ya kale hayana uzito?

Sasa tazameni udongo wenyewe wasemaje. Huko Ntusi, si mbali na Bigo, watu waliishi kwa wingi kati ya karne ya 11 na ya 15. Wameacha vilima vya takataka za majumbani mwao, na ndani ya vilima hivyo wachimbaji wamekuta mifupa mingi ya ng'ombe pamoja na mawe ya kusagia nafaka. Mfugaji na mkulima walikuwa mahali pamoja, wakila chungu kimoja. Na Ntusi ilianza kabla ya Bigo. Haikumngoja mgeni yeyote ashuke na mahandaki yake. Vipande vya mifupa na mawe ya kusagia vimekanusha vitabu vizima. Hiyo ndiyo nguvu ya utafiti.

Twasikia pia sauti nyingine, nayo yatuuma zaidi kwa kuwa yatoka ndani ya nyumba yetu. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii, na kwamba mwanafunzi akitaka kuandika juu ya akiolojia sharti akimbilie Kiingereza au Kifaransa. La hasha! Kipande cha chungu kilichovunjika ni *kigae*. Chungu kina mdomo, shingo, tumbo na kitako. Udongo uliolala juu ya udongo ni *tabaka*. Ulioinuliwa ni *tuta*, uliochimbwa ni *handaki*. Mhunzi ana *mifuo* na *tanuri*, na takataka inayobaki chuma kinapoyeyushwa huitwa *mavi ya chuma*, jina ambalo mwanafunzi akilisikia mara moja halisahau kamwe. Maneno haya hayakutungwa na kamati. Yametoka kwa mfinyanzi, mhunzi na mjenzi. Palipo na upungufu, na tuwaulize wafinyanzi wa vijijini wanaitaje nakshi inayopatikana kwa kuvingirisha kamba ya majani juu ya udongo mbichi, kama ile ya vigae vya Ntusi. Lugha hukua kwa kufanya kazi. Haikui kwa kuonewa huruma.

Lakini hatutaki mtu atuelewe vibaya. Hatusemi mwanafunzi achukue jembe aende kuchimba. Sheria haimruhusu, na akili haimruhusu. Mahali pa kale ni kama kitabu ambacho kila ukurasa uliosomwa huchanika. Asiyejua kusoma asikifungue. Mwaka 1902 Richard Hall alikabidhiwa magofu ya Great Zimbabwe ili ayatunze. Yeye akayafagia matabaka ya udongo, akiyaita uchafu wa Waafrika, kwa kutafuta chini yake wageni wa kale aliowaamini. Alichokitupa ndicho kilichokuwa ushahidi. Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walithibitisha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, lakini yaliyofagiliwa hayakurudi tena. Basi mwanafunzi wetu asichimbe, wala asiokote kigae akakitia mfukoni. Atazame, achore, apime kwa kamba, aandike, kisha akiache kilipo.

Wala asibadilishe uongo wa Speke kwa uongo wetu. Akisikia kwa mzee kwamba handaki lilikwaruzwa kwa kucha za Bachwezi, ayaandike maneno ya mzee kwa heshima, tena kwa ukamilifu. Kisha aandike kando yale aliyoyapima mwenyewe. Simulizi ina ukweli wake na udongo una ukweli wake. Mtafiti ni yule asiyeichanganya miwili hiyo kwa kutaka kusifiwa.

Ndugu walimu, mwacha asili ni mtumwa. Katika muhula ujao kila mmoja wetu na atoe mada moja tu ya namna hii. Aliye karibu na Ntusi awapeleke wanafunzi Ntusi. Aliye Rwanda, Burundi au Kivu awaonyeshe picha za vyungu vya kale vya Urewe, ambavyo vilipewa jina la mahali pa Kenya na vigae vyake vimetapakaa katika nchi zote hizo, kana kwamba mipaka ya leo haikuwapo. Nayo kweli haikuwapo. Asiye karibu na mahali pa kale ampeleke mwanafunzi kwa mfinyanzi au kwa mhunzi aliyebaki. Insha iwe ya Kiswahili, iwe fupi, na kila sentensi yake iweze kujibu swali moja: umejuaje?

Mwanafunzi aliyezoea swali hilo hatadanganywa kwa urahisi juu ya jirani yake. Kwa ajili hiyo tu, kazi hii yatosha kuitwa kazi ya mwalimu.