Tunapolinganisha Shule Zetu, Tunalinganisha Nini?



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa darasa la saba yatangazwapo, maneno hapa Babati huwa ni yale yale: shule fulani imeng'ara, shule fulani imetia aibu. Yanasemwa sokoni, yanasemwa stendi, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Ifikapo Januari, wazazi wenye uwezo hutujia ofisini kuomba barua ya padre ili mtoto ahamishwe kutoka shule waiitayo mbaya apelekwe waiitayo nzuri. Barua hizo tumeziandika nyingi. Yatupasa kukiri kwamba kwa muda mrefu hatukujiuliza wale wanaobaki katika shule ile mbaya wanabaki na nani.

Tunasema wazi tangu mwanzo: anayelinganisha shule za msingi za Serikali kwa wastani wa mtihani peke yake halinganishi kazi ya walimu. Analinganisha mifuko ya wazazi, lugha ya nyumbani na umbali wa vijiji. Mwenye kutaka kulinganisha kwa haki aanze na kile ambacho kila shule imepewa, kisha ndipo auliza imefanya nini nacho.

Desturi hii ya kupanga shule kwa mstari haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipangwa kwa rangi: kijani kwa zilizofaulu, njano kwa za katikati, nyekundu kwa zilizoshindwa. Karatasi za matokeo zikawa zinaonyesha nafasi ya shule katika halmashauri, katika mkoa na katika taifa, na mgawanyo uliozingatiwa ulikuwa wa idadi tu: shule zenye watahiniwa chini ya 40 upande mmoja, zenye 40 au zaidi upande wa pili. Hivyo shule ya Serikali iliyo kijijini, inayompokea kila mtoto ajaye, iliwekwa katika mstari mmoja na shule ya kulipia yenye bweni, inayowachuja watoto mlangoni. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutaja shule bora na wanafunzi bora. Sisi tulifurahi. Lakini desturi ikishaota mizizi haing'olewi kwa tangazo, na watu wenye kalamu na karatasi wanaendelea kujipangia wenyewe.

Tuitazame Halmashauri yetu ya Mji. Tangu Mkoa wa Manyara ulipozaliwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati kufanywa makao makuu, mji umekua haraka. Hata hivyo mipaka ya Halmashauri haiishii penye lami. Kuna Bagara na Babati yenyewe, ambako mtoto anaamka akisikia Kiswahili cha madukani; na kuna kata kama Bonga, Sigino na Mutuka, ambako wengi wa waamini wetu ni wakulima na wafugaji. Watoto hawa wote wanakalia mtihani mmoja, siku moja, na wanahesabiwa katika orodha moja.

Jambo la lugha halisemwi vya kutosha, nasi tungependa lisemwe. Wilayani Babati pana Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi. Pana Wabarbaig, ambao lugha yao ni ya Kinilo. Pana Warangi na Wambugwe, ambao lugha zao ni za Kibantu na hivyo ni jirani na Kiswahili. Mtoto wa Kigorowa kutoka kijijini anapoingia darasa la kwanza ana kazi mbili: kujifunza kusoma, na kujifunza lugha anayosomeshwa. Mwenzake wa mjini ana moja. Mwalimu aliyemchukua yule wa kwanza bila Kiswahili akamfikisha katikati ya orodha huenda amefanya kazi kubwa kuliko aliyempokea wa pili akijua hadithi tayari. Orodha haina safu ya kuandika hilo. (Makatekista wetu wanalijua vema, kwa maana ndio wanaorudia mafundisho mara mbili kwa lugha mbili.)

Kisha kuna walimu. Kipimo cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Twendapo vigangoni siku za kazi tumemkuta mwalimu mmoja akifundisha madarasa mawili kwa zamu: hawa wananakili ubaoni, wale wanasikiliza. Hatuwalaumu walimu wanaoomba kuhamia mjini. Kijijini hakuna nyumba ya mwalimu, hospitali iko mbali, mume au mke ameajiriwa kwingine. Lakini uhamisho mmoja mmoja, kila mmoja wenye sababu yake njema, mwishowe huacha shule ya kijijini na walimu wachache huku ya mjini ikiwa na walimu wanaopokezana vipindi. Serikali yenyewe imelitambua jambo hili, kwani Mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo, ulioanza mwaka 2014, ulizitunuku halmashauri zilizosawazisha walimu kati ya shule na shule. Ugonjwa umeshapimwa. Kinachotakiwa ni wananchi kuuliza dawa imefika wapi.

Upande wa fedha hesabu ni fupi. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mpango wa MMEM kuanza mwaka 2002, ruzuku ilipangwa kuwa sawa na dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, yaani kama shilingi 10,000 za wakati ule. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 kiasi kilikuwa bado shilingi 10,000, ambazo wakati huo hazikufika hata dola 5. Na katika hizo, 6,000 zilipelekwa shuleni na 4,000 zikabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 1,000 ilipata hapo shilingi 500,000 kwa mwezi. Yenye watoto 200 ilipata 100,000. Paa likiezuliwa na upepo, mabati hayauzwi nusu bei kwa sababu shule ni ndogo. Pengo hilo wazazi wa mjini huliziba kwa michango ya hiari na masomo ya jioni. Wa kijijini, mwaka wa mbaazi kukosa bei, hawana cha kuzibia. Tena wengi wamesikia neno "bure" wakadhani hata chakula cha mchana si wajibu wao. Mtoto anakaa na njaa hadi saa tisa, nasi tunastaajabu kwamba hesabu hazimwingii.

Na mashindano haya yana matunda machungu. Mwaka 2012 ilibainika kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliokuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walikuwa "wamefaulu". Mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa zaidi ya 2,000 kwa udanganyifu. Mwalimu mkuu anayejua kwamba atapimwa kwa namba moja tu atajaribiwa kuwaweka walimu wake wazuri darasa la saba na kuwaacha wa darasa la kwanza, wanaohitaji mwalimu hodari kuliko wote, wasubiri. Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya juu ya elimu inayoutumikia mtihani katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967.

Tusinyooshe kidole upande mmoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitia shule za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali, kusudi moja lilikuwa kuondoa ubaguzi kati ya mtoto na mtoto. Miaka mingi imepita, nasi Kanisa tunazo tena shule za kulipia. Ni kazi njema. Lakini kuna shule zetu zinazofanya usaili kwa mtoto wa miaka sita, zinazomrudisha nyumbani aliye mzito wa kuelewa ili asije akaharibu wastani, kisha zinabandika nafasi yao getini. Yule aliyerudishwa anapokelewa na shule ya Serikali, nayo ndiyo inayoshuka katika orodha. Hatuoni jinsi gani twaweza kuitetea tabia hiyo mbele ya yeyote.

Tunaomba basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo, pamoja na waamini waliomo katika kamati za shule, itafute kwa kila shule ya Serikali iliyo karibu nayo mambo haya: walimu wangapi kwa wanafunzi wangapi, na katika walimu hao wangapi wako darasa la kwanza na la pili, matundu ya choo mangapi, maana kipimo ni moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, ruzuku iliyopokelewa na matumizi yake, na watoto wangapi wanakula mchana. Hizi si siri. Mwalimu mkuu anazo, Afisa Elimu Kata anazo. Viongozi wa walei waziweke pamoja, shule ya Bonga kando ya shule ya Bagara, wampelekee diwani kwa heshima, na wamwombe azipeleke katika kikao cha Halmashauri kabla uhamisho mwingine wa walimu haujapitishwa.

Nasi kwa upande wetu, mzazi atakayefika ofisini Januari kuomba barua ataipata. Ila tutamwomba kwanza atuambie shule anayoiacha ina walimu wangapi.