Tuandike Akili za Bibi Zetu, Si Wema Wao Tu

Anapofariki mama mzee wa ukoo hapa Kindu, wasifu unaosomwa matangani hujulikana hata kabla karatasi haijafunguliwa: alikuwa mpole, alimcha Mungu, alizaa watoto kadhaa, ameacha wajukuu na vitukuu. Sifa hizo ni za haki, wala hakuna wa kuzipinga. Ila zinatueleza zaidi habari za aliowazaa kuliko habari zake mwenyewe. Hazisemi alipenda kudadisi mambo gani, alijifunza nini bila mwalimu, wala alitumia ujanja gani kulisha nyumba iliyojaa watu wakati mji umefungwa na vita. Naamini kila ukoo una wajibu wa kuandika maisha ya mama yake mzee kama maisha ya mtu mwenye akili na udadisi, na kuyaandika angali hai, kwa maneno yake mwenyewe.

Mkoa wetu wa Maniema unajua vizuri hasara ya kutofanya hivyo. Mnamo 1871 David Livingstone alikaa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, akaandika mengi juu ya soko la pale: wanawake waliotoka vijiji vya mbali na vyungu, samaki, chumvi na mafuta, na jinsi walivyoshindana kwa bei. Tarehe 15 Julai watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara waliotoka pwani, waliwafyatulia risasi. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine wakizama mtoni. Habari hiyo ilisomwa Ulaya na kuamsha hasira kubwa. Lakini wanawake wale, ambao kwa ustadi wao soko lilisimama, wamebaki umati usio na majina. Mfanyabiashara mkubwa Tippu Tip, aliyekuja kuishika Kasongo miaka michache baadaye, ametuachia kitabu kizima cha maisha yake kwa Kiswahili. Mwenye nguvu alisimulia habari zake. Aliyefinyanga chungu na kukibeba hadi sokoni hakuulizwa.

Sheria nayo ilichangia kuwaficha wanawake. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kwa mikataba ambayo angeitekeleza yeye mwenyewe, na sharti hilo liliondolewa kwa marekebisho ya Julai 2016. Kwa hiyo anayetafuta habari za bibi yake kwenye nyaraka za zamani anaweza kukuta jina la mume tu, hata pale ambapo biashara ilianzishwa na mke na faida ikapatikana kwa jasho lake. Asipoandikwa na wanawe, makaratasi ya serikali hayatamsaidia.

Wako watakaosema kwamba sisi ni watu wa masimulizi, kwamba ukoo hukumbuka bila kalamu. Ni kweli, lakini masimulizi huhifadhi zaidi yale ambayo ukoo unayahitaji kila siku: nani alimzaa nani, nani alitoa mahari, shamba la nani linaishia wapi. Ujuzi wa mtu mmoja hupotea upesi, hasa familia zinapotawanyika Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa. Tena muda hautusubiri. Msichana aliyekuwa na miaka 10 waasi wa Simba walipoingia Kindu mwaka 1964 sasa amepita miaka 70. Aliyekuwa mama wa watoto wadogo mji ulipotekwa Oktoba 1998 leo ni bibi. Nani amemuuliza chakula alikitoa wapi, na bei aliipanga vipi?

Wengine watasema bibi yao hakusoma, hivyo hana la kuandikwa. Siti binti Saad wa Zanzibar naye hakupitia shule. Alianza kwa kuuza vyungu, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na mwandishi Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kitabu. Mombasa, katika miaka ya 1970, Sarah Mirza na Margaret Strobel walikaa na akina mama wazee watatu, Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Bi Shamsa, wakawasikiliza, na masimulizi yao yakachapwa mwaka 1989. Hawakuwa malkia wala mawaziri. Basi mtazame mama anayevuka kwa mtumbwi kutoka Alunguli alfajiri na mihogo yake: anajua kichwani nani anamdai, nani amekopa, zamu ya likelemba, mchango wa kupokezana, imefika kwa nani, na maji ya mto yakipanda bei itageuka vipi. Hiyo ni elimu, na mwenyewe ameipata kwa kuuliza na kuchunguza.

Hoja nzito zaidi ni ya siri. Maisha ya mtu yana ndoa zilizovunjika, madeni, machungu ya vita, na si kila jambo ni la kuwekwa hadharani. Nakubali, ndiyo maana mwenye kusimulia ndiye awe na neno la mwisho: analotaka libaki kwake libaki. Lakini tusiifanye siri kuwa kisingizio cha kumpaka sifa tupu. Mama aliyekosea akajirekebisha, aliyefilisika akaanza upya, anawafundisha wajukuu zaidi ya mama anayesifiwa kuwa hakuwahi kukosea.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Simu ya mkononi inarekodi sauti, daftari linauzwa sokoni, na Chuo Kikuu cha Kindu kina wanafunzi wanaoweza kupewa kazi hii na walimu wao. Kila familia imchague mjukuu mmoja mwenye subira, amuulize bibi alijifunza nini, kwa nani, na ni jambo gani ambalo hadi leo anatamani kulijua. Mmuulize sasa, angali anaweza kuwajibu na kuwasahihisha mnapokosea.