Sinema: Jicho la Kuchungulia
Mwaka 1960 Michael Powell alipotoa sinema yake Peeping Tom, waandishi wa magazeti ya London waliilaani vikali, hata kazi yake ikaharibika huko Uingereza. Yasimulia habari za Mark, kijana anayewapiga picha wanawake katika hofu yao, huku akiwaua. Uchafu umo, wala hatuwaruhusu watoto waitazame. Lakini ninyi wazazi, mwangalieni baba yake: alimtupia mwanawe mjusi kitandani usiku, apate kupiga picha hofu yake, akaiita kazi hiyo elimu! Katika nyumba ile, wa kwanza kumshuku Mark ni mama mmoja kipofu. Sisi wenye macho tulikuwa tumeketi gizani, tukichungulia pamoja naye.