Shosho Si Mchawi

Wahenga walisema kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata nyumbani kwetu Kariobangi South.

Shosho alikuwa akiuza githeri karibu na Light Industries. Mafundi wa jua kali walimpenda kwa utani wake, na asiyekuwa na pesa alikula kwa deni. Miaka miwili iliyopita alianza kubadilika. Alimfokea mteja wake wa miaka mingi kwa sababu ya shilingi tano. Akaacha kwenda kwenye chama cha akina mama. Kisha akaanza kudai kuwa mama anamwibia, kumbe pesa amezifunga mwenyewe kwenye leso na kuzificha ndani ya debe la mahindi. Sisi tulimwona mkorofi tu. Siku moja nilimjibu kwa ukali, "Shosho, tumechoka na hayo maneno yako!" Hakunijibu. Alilia. Machozi yale yananiandama hadi leo.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Huyu, "Ni uzee." Yule, "Amerogwa huyo." Watoto wa ploti wakawa wakimwona wanatoka mbio wakipiga kelele, "Mchawi! Mchawi!" Wenzangu, huo si mzaha. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, akina mama wanne wakongwe waliuawa na umati kwa kudaiwa kuwa wachawi.

Mwishowe mama alimpeleka hospitali. Daktari akatueleza kuwa shosho ana dimenshia, yaani hali inayotokana na maradhi yanayoharibu ubongo polepole. Nilishangaa, maana nilidhani mambo haya huanza kwa kusahau. Kumbe kwa wengine hasira, shaka, wasiwasi na kujitenga ndivyo hutangulia! Mgonjwa aliyelifanya jina la Daktari Alois Alzheimer lijulikane, mama wa miaka 51 aliyelazwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901, alianza kwa kumwonea mumewe wivu usio na sababu.

Wapo watakaouliza, "Kwani kila mzee akikasirika tukimbilie daktari?" La hasha! Si kila hasira ni dimenshia. Huzuni nyingi, maradhi ya tezi, upungufu wa vitamini B12 na hata dawa fulani huweza kumbadilisha mtu, na hayo aghalabu hutibika. Dimenshia ya shosho haina dawa ya kuiponya, lakini tangu tuijue, ugomvi umepungua nyumbani.

Kwa maoni yangu, mzee akibadilika tabia na hali hiyo ikadumu, tusimlaumu wala tusimtafutie mganga. Tumpeleke hospitali mapema. Nasi wanafunzi, ambao ndimi zetu ni nyepesi mtaani, tuwe wa kwanza kumnyamazisha yeyote anayemwita mzee mchawi. Shime wenzangu!

Siku hizi shosho akiniuliza nani kaiba pesa zake, simbishii. Namwambia, "Twende tuzitafute pamoja, shosho." Mara nyingine tunazipata. Mara nyingine anasahau tulichokuwa tukitafuta, ananishika mkono na kuanza kunitania kama zamani.