Rangi ya pikapu ikibanduka, mtaji wa mkulima nao hubanduka

Msimu wa nyanya unapopamba moto Ilula, mkoani Iringa, pikapu hujipanga kando ya barabara kuu iendayo Mbeya zikipakia matenga. Ni nadra kukuta moja isiyobonyea bodi wala kubanduka rangi. Kwa wenye magari, hiyo ni dalili ya gari linalochapa kazi, na hawajakosea sana. Shida huanza siku mwenye gari anapotaka kuliuza ili apate fedha za mbegu na dawa.

Kwa anayeweka hesabu kamili, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu gari la mizigo la chini ya tani 7 lipunguzwe thamani kwa asilimia 37.5 ya kiasi kinachobaki kila mwaka. Pikapu ya Sh20 milioni hubaki na Sh12.5 milioni baada ya mwaka mmoja, na takriban Sh7.8 milioni baada ya miwili. Lakini dalali hasomi vitabu. Yeye hulizunguka gari, akagonga milango kwa kidole, kisha akaanza kushusha bei.

Hata hivyo, si kila alama inastahili fedha. Pale palipobonyea bila rangi kupasuka pameharibika sura tu, kwa kuwa chuma bado kimefunikwa. Hatari ni kijialama, hata kama ni kidogo mfano wa punje ya mtama, kilichochimbwa na changarawe hadi kwenye chuma. Maji yakiingia hapo kutu huanza na kutambaa chini ya rangi nzima. Mbolea ya chumvichumvi iliyomwagika nyuma ya gari huvuta unyevu na kuharakisha kazi hiyo. Mwisho wake sakafu hutoboka, na hapo inatakiwa kuchomelewa bati jipya.

Kusugua kijialama kwa msasa, kupaka praima na kisha rangi ni gharama ndogo ikilinganishwa na uchomeleaji. Kuosha sehemu ya mizigo baada ya kubeba mbolea ni bei ya maji tu.

Kosa jingine ni kupuliza gari zima rangi mpya wiki chache kabla ya kuuza. Mnunuzi mzoefu huja na sumaku. Isiponata, anajua chini kuna puti, na anaanza kuuliza gari lilipinduka wapi. Hapo mkulima amelipa fundi, na bei bado imeshuka.