Mfalme Aliyeshindwa Kuwatoza Matajiri

Katika masimulizi ya kuanguka kwa ufalme wa Ufaransa, ambayo vijana huyapokea shuleni na wazee huyakumbuka nusunusu, aghalabu hutajwa mambo mawili, anasa ya kasri la Versailles na njaa ya mji wa Paris, ikaaminiwa kwamba malkia alikula na raia wakakosa, na waliokosa wakaondoka siku moja wakampindua aliyekula. Sina haja ya kumtetea Marie Antoinette, ambaye israfu yake haihitaji shahidi (ijapokuwa lile neno la kejeli juu ya mkate, ambalo hubandikwa kinywani mwake kila siku, halina uthibitisho wowote). Walakini naona kwamba hadithi hii, kwa utamu wake, imeifunika sababu iliyo kubwa kuliko zote mbili. Hesabu za hazina za mwaka 1788 zaonyesha kuwa nyumba ya mfalme na baraza lake zilichukua kama sehemu 6 katika kila 100 za matumizi ya dola, ilhali madeni na riba zake zilimeza kadiri ya nusu nzima. Kiti kile kiliangushwa na deni, na deni lile lilishindikana kulipwa kwa kuwa waliokuwa na mali hawakutozwa.

Njaa peke yake haikuwa ngeni. Baridi ya mwaka 1709 iliua watu kwa malaki, na Louis wa 14 akaendelea kutawala hata alipokufa kitandani mwake mwaka 1715. Tena katika Aprili na Mei ya 1775, waziri Turgot alipokwisha kuifungulia biashara ya nafaka na mavuno yakawa haba, raia wa Paris na vijiji vya kando yake walivamia masoko na maduka ya mikate katika ghasia zilizokuja kuitwa Vita vya Unga. Askari wakatumwa, wawili katika waasi wakanyongwa hadharani, na mambo yakatulia. Kwa nini basi ghasia za 1775 zizimwe kwa majuma machache, na zile za 1789 zisizimike? Mkate ulikuwa mkate ule ule, na mfalme alikuwa yule yule, Louis wa 16. Tofauti yao ilikuwa ndani ya sanduku la hazina.

Huyo aliyeitwa mfalme mwenye amri isiyo na mpaka, nadhani hapana mtu katika Ufaransa aliyefungwa mikono kama yeye. Louis wa 14, aliyehamishia baraza lake Versailles mwaka 1682, aliwatiisha makabaila waliompiga vita utotoni mwake, si kwa upanga tu bali kwa jaha: aliwakusanya chini ya dari moja, wakashindania fahari ya kumshikia mshumaa alipokuwa akivua nguo zake za mchana, na badala ya nguvu zao za kale akawaachia msamaha wa ile kodi kuu ya taille waliyotwikwa wakulima. Fauka ya hayo, wafalme wale walikuwa wakiuza vyeo vya uhakimu na ukarani kwa fedha taslimu, na vingi katika vyeo hivyo vilimpa mnunuzi, na baadaye kizazi chake, ukabaila pamoja na misamaha yake. Kila walipohitaji fedha ya leo, waliuza kodi ya kesho. Wakawa kama mwenye shamba aliyeweka rehani minazi yake mmoja baada ya mmoja, hata akawa anatembea shambani kwa kanzu na bakora, akiamkiwa kwa heshima na kila mpita njia, wala hana idhini ya kuangua dafu moja.

Mzigo ulioachwa na matajiri ulikwenda kwa wengine. Kodi ya chumvi, kwa mfano, iliwalazimisha watu wa majimbo ya kaskazini kununua kiasi maalumu kwa bei iliyopita mara nyingi bei ya jimbo la Bretagne, na waliokusanya kodi hiyo walikuwa shirika la mabwana waliomtangulizia mfalme fedha, kisha wakajilipa na faida yao juu. Turgot alitaka kuwaondolea wakulima kazi ya lazima ya barabara na kuweka mahali pake kodi ya wenye ardhi wote. Mwezi Mei 1776 akaondolewa.

Kisha vikaja vita vya Marekani, ambavyo Ufaransa iliviingia mwaka 1778, na Necker, mtu wa benki kutoka Geneva, akavigharimia kwa mikopo. Mwaka 1781 alifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko kuvunjwa kwa ngome ya Bastille: alichapisha hesabu za mfalme zikauzwa kama kitabu. Hesabu zenyewe zilikuwa na hila, maana zilionyesha salio la livre milioni 10 kwa kuziacha nje gharama za vita. Lakini raia aliyekwisha kuonyeshwa daftari la bwana wake hawezi tena kuambiwa kwamba daftari hilo halimhusu. Waziri wa fedha Calonne alipoliita baraza la wakubwa mwezi Februari 1787, akawataka wakubali kodi ya ardhi isiyo na msamaha kwa mtu yeyote, wao wenyewe walimjibu kwa kudai waone hesabu. Walikataa, na mahakama kuu ya Paris baada yao ikashikilia kwamba kodi mpya haiwezi kuidhinishwa ila na baraza la tabaka tatu, ambalo halikukutana tangu mwaka 1614. Mwezi Agosti 1788 hazina ikasimamisha sehemu ya malipo yake.

Hapo ndipo njaa ilipopata njia. Mvua ya mawe ya Julai 1788 na baridi kali iliyofuata ziliharibu ngano, ujira wa kibarua ukaishia kwa mwokaji, na mfalme, aliyekwisha kuliita baraza lile kwa kukosa fedha, hakuwa na uhakika hata wa utii wa askari wake. Tarehe 14 Julai 1789 umati uliivamia Bastille kutafuta baruti, ukakuta wafungwa 7 tu; na katika majuma yaliyofuata wakulima waliingia katika majumba ya makabaila wakachoma, kabla ya kitu kingine, madaftari yaliyoandikwa stahiki za mabwana. Misamaha ya karne nyingi ikafutwa katika usiku wa tarehe 4 Agosti, na waliosimama kuikana kwa machozi walikuwamo miongoni mwa waliokuwa nayo.

Hata hivyo wapinduzi nao walikuwa na misamaha yao. Mwaka ule ule alioondolewa Turgot, Mfaransa Morice alifunga mapatano na Sultani wa Kilwa ya kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya mfalme katika Bahari ya Hindi. Tangazo la Agosti 1789 kwamba binadamu huzaliwa huru na sawa halikuwafikia watu hao, na bunge lilipoupiga marufuku utumwa tarehe 4 Februari 1794, walowezi wa Île de France, ambayo leo ni Morisi, walikataa kutii, na mwaka 1796 wakawafukuza wajumbe waliotumwa kuwalazimisha.

Mfalme alichinjwa tarehe 21 Januari 1793, na deni likabaki hai. Uuzaji wa mali ya kanisa haukulimaliza, wala noti za karatasi zilizokosa thamani. Na mwezi Septemba 1797 serikali ya jamhuri ilitangaza kwa sheria kwamba theluthi moja tu ya deni ndiyo itakayoendelea kutambuliwa kwa thamani kamili, na theluthi mbili zitalipwa kwa hati, ambazo baada ya muda mfupi hazikuwa na thamani ya kutajwa. Louis wa 16 alikuwa ameogopa kufanya hivyo kwa kuchelea aibu mbele ya wakopeshaji.